Mashine ya Kaboni na Mkono wa Lusungu

Nilipohamishiwa Kyela kikazi, idara ya mifugo, nilipanga chumba Bondeni kwa mkulima wa kakao anayeitwa Ezekiel. Siku ya kwanza nilimkuta uani anageuza kakao juu ya mkeka. Nikamwuliza mama mwenye nyumba yuko wapi nimsalimie. Akaelekeza kidevu juu. Mkewe alikuwa amechuchumaa juu ya paa la jiko, misumari imemjaa mdomoni, anang'oa bati lililoliwa na kutu.

"Ndaga, mgeni," akasema kwa pembe ya mdomo. Baadaye ndipo nikajua kwamba neno hilo huku ni salamu na ni shukrani, na kwamba mwanamke yule ndiye fundi wa kupaua anayeitwa kwanza mjini pale.

Jina lake ni Lusungu, ila watu wengi humwita Mama Beatrice, kwa jina la binti yake aliyeolewa Mbeya. Baba yake, mzee Andongwisye, alikuwa fundi wa kupaua. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Lusungu alianza kwa kumpa baba misumari, akahamia kushika ncha ya papi, zile mbao nyembamba zinazolazwa juu ya kenchi, mihimili ya paa, ili bati lipate pa kukaa, na mzee alipoanza kuogopa ngazi, binti akawa anapanda peke yake huku mzee anaelekeza kutoka chini. Mzee alipofariki wateja walimfuata binti bila mjadala. Kyela mvua hainyeshi kwa adabu. Mtu anayejenga hapa huanza kufikiria bati kabla hajafikiria madirisha, na akimpata fundi ambaye paa lake halivuji, hamwachi eti kwa sababu amevaa kitenge.

Nilikuwa nimeshakaa kwao mwaka mzima alipoanguka.

Ilikuwa Matema, kwenye jiko la nyumba ya wageni iliyokuwa inajengwa karibu na ufuko wa Ziwa Nyasa. Sakafu ilikuwa mpya, mvua imeilowesha, ngazi ikateleza miguu. Lusungu alitanguliza mkono wa kulia. Ezekiel alipigiwa simu akiwa shambani, akaja nyumbani mbio kunichukua, tukaenda naye hospitalini kwa pikipiki ya ofisi. Tulimkuta ameshafungwa plasta mpaka karibu na kiwiko, anamlaumu mtu aliyeacha maji sakafuni, halafu anajilaumu mwenyewe kwamba hakuifunga ngazi kamba. Daktari alimwambia ukweli mapema: mfupa utaunga, lakini kifundo cha mkono hakitarudi kuwa kile cha zamani.

Na kweli hakikurudi. Plasta ilipotolewa aliweza kula, kufua, kusuka mkeka, hata kulima kidogo. Kugonga nyundo hakuweza. Kila pigo lilipanda mpaka begani, na baada ya misumari michache vidole vilikuwa vinafunguka vyenyewe. Siku hizi mabati hufungwa kwa skrubu zenye mpira kichwani, kwa maana upepo wa ziwani hung'oa misumari kama mtu anayekwanyua majani, kwa hiyo akaazima drili ya umeme ya jirani akajaribu kufunga skrubu. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Skrubu ilipogoma ndani ya mbao, drili nzima ilijizungusha, ikamsokota mkono palepale palipovunjika. Aliiweka chini taratibu, akaingia ndani, na siku ile hakupika.

Kwa muda mrefu alikuwa anauza ndizi na mchele kibarazani. Alikuwa na heshima zake za kila siku, anaitikia salamu, anacheka na wateja, lakini mvua ikianza kupiga bati alikuwa ananyamaza katikati ya sentensi na kusikiliza. Siku moja alinionyesha nyumba ng'ambo ya barabara. "Lile paa pale juu halikufungwa vizuri," akasema. "Sikiliza linavyogonga." Mimi sikusikia kitu.

Kazi zake alizichukua Marcel. Huyu ni mtu wa Liuli, kusini kabisa mwa ziwa upande wetu, aliyekuja Kyela na meli kutafuta kazi za ujenzi akabaki. Ni jitu, mabega kama mlango, sauti ya besi inayotegemewa kwenye kwaya ya parokia. Fundi mzuri pia, hakuna aliyebisha. Lakini mama mmoja wa Ipinda alipotaka kumsubiri Lusungu apone, Marcel alimwambia, "Mama, utasubiri sana. Mkono ule umeshakwisha, hauwezi tena bati." Maneno ya namna hiyo hayachelewi njiani. Lusungu aliletewa kabla ya jua kuzama. Alihesabu vichane vya ndizi, akaingia navyo ndani.

Aliyembadilishia mambo ni mdogo wake, Lucy, anayeishi Tunduma na mume fundi samani. Alikuja kumwona dada yake, akatoa kwenye mfuko wa safari mashine ndogo yenye umbo la bastola nene, na betri chini ya mpini.

"Shemeji yako kanunua mpya," akasema Lucy. "Hii ameona ikae kwako kuliko ikae chini ya kitanda."

"Ni drili?" Lusungu akauliza, na nilimwona ameurudisha mkono nyuma.

"Si drili. Hii ni impakti. Jaribu kwanza, dada, uniambie."

Impakti hufunga skrubu, lakini haifungi kama drili. Ndani mna kinyundo kinachogonga kwa kuzunguka. Skrubu ikiwa laini mashine inazunguka tu. Skrubu ikigoma, kinyundo kinaanza kugonga, tatatata, na nguvu inaishia kwenye skrubu badala ya kuurudia mkono. Lusungu hakuyajua hayo. Alitafuta kipande cha mbao ya mkaratusi, akakiweka juu ya kinu kilicholazwa, akasimamisha skrubu ndefu, akafumba jicho moja kama anayesubiri kupigwa sindano, akabonyeza.

Skrubu ikazama mpaka kichwa.

Akaiangalia. Akachukua nyingine. Ikazama. Alifunga skrubu zote alizokuwa nazo kwenye kile kipande, nyingine zikatokea upande wa pili, kisha akakaa juu ya kinu akawa anakunja na kukunjua vidole, anakunja na kukunjua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Ezekiel, ambaye si mtu wa maneno, alisimama karibu yake akasema, "Basi ngazi iko nyuma ya choo, niliihifadhi."

Akarudi kazini. Alianza na mabanda ya kuku na majiko, baadaye vyumba. Alijifunza tabia za mashine ile kama mtu anavyojifunza tabia za mkwe. Ilikuwa ya aina ya zamani, yenye kaboni. Ndani ya mota yake mna vipande viwili vidogo vyeusi vinavyokandamiza shaba inayozunguka ili kuipelekea umeme. Kwa sababu vinasuguana, vinatoa cheche, vinaleta joto na vinalika. Ukiitumia mfululizo inapata moto mpaka mpini unatoa harufu, na betri inaisha wakati paa bado linakutazama. Lakini kaboni zikiisha unafungua, unaweka nyingine, unaendelea. Alishabadilisha mwenyewe, kwenye meza ya chakula, kwa bisibisi ya redio.

Siku moja mvua ilimkuta mbele ya duka la vifaa vya ujenzi mjini, akajibanza barazani. Nilikuwepo, nimefuata misumari ya zizi. Na Marcel alikuwepo, ameshika mashine mpya iliyoletwa kutoka Dar es Salaam, fupi kama ngumi yake, rangi bado inang'aa.

"Mama Beatrice, habari za kazi," akasema.

"Nzuri, fundi."

"Umeiona hii? Haina kaboni. Hakuna kusuguana ndani. Umeme unapangwa na saketi, mota inazunguka kwenye hewa tu. Haipati moto."

"Nimezisikia."

"Lete yako tujaribu."

Mwenye duka alitoa kipande cha mbao, na watu waliokuwa wamejikinga mvua wakasogea, maana hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Walifunga skrubu zilezile, mmoja huku, mwingine kule. Kwa kweli mimi sikuona tofauti. Zote zilizama, na ya Marcel ilitangulia kidogo sana. Alionekana kukasirika kwamba haikutangulia zaidi.

"Mbao laini hii," akasema.

Lusungu aliomba kuishika ile mpya. Aliigeuza, akaipima uzito, akaweka kiganja kwenye mgongo wa mota. Ilikuwa ya baridi. Akagusa na ya kwake, ilikuwa imeshapata joto. "Nzuri," akasema, akamrudishia. "Ikiharibika unampelekea nani?"

"Haiharibiki."

"Ndaga, fundi," akasema Lusungu, akatoka kwenye mvua ileile.

Yanayofuata sikuyaona kwa macho. Alinisimulia yeye, na sehemu nyingine Marcel akajazia.

Ilikuwa mwezi wa tano, mpunga umeshavunwa sehemu kubwa na mvua bado hazijakata. Upepo wa usiku ulipita Katumba Songwe ukafunua upande mmoja wa paa na nusu ya upande wa pili kwenye ghala la kikundi cha akina mama wakulima. Ndani mlikuwa na mavuno ya msimu mzima ya familia nyingi, magunia yamepangwa mpaka karibu na kenchi. Mwenyekiti wao, Elizabeth, mama mnene mwenye haraka, aliwatoa watu vitandani wakafunika magunia kwa maturubai, na alfajiri akawapigia mafundi wote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja.

"Nisingewaambia," alisema baadaye. "Mngeanza kuulizana nani kiongozi, na mpunga wangu unaota."

Walipokutana pale, Marcel alimtazama Lusungu, akatazama paa. Asubuhi ilikuwa nyeupe, lakini siku zile mvua ilikuwa inakuja kila siku baada ya mchana, na nguzo za umeme zilikuwa zimelala njiani. Hakuna kuchaji. Kila mmoja alikuwa na betri zake mbili zilizojaa, na za mmoja haziingii kwenye mashine ya mwenzake.

"Mimi nitachukua mashariki," akasema Marcel.

"Chukua," akasema Lusungu. "Ila tuanzie chini wote, tukutane kileleni. Ukiniacha huku upepo ukaja, utafunua na ya kwako."

Hilo Marcel hakulibishia.

Akina mama walikuwa wananyoosha mabati yaliyokunjika kwa kuyakanyaga, wanayapandisha kwa kamba. Mafundi wakawa wanafunga. Huko ndiko tofauti ilikojitokeza, ambayo barazani mwa duka haikuonekana. Mashine ya Marcel haikupumzika. Alimaliza safu, akahama, akamaliza nyingine, betri ya kwanza bado ina nguvu. Ya Lusungu ilianza kupata moto mapema. Akawa anafunga safu, anaiweka kivulini chini ya bati, anasawazisha bati linalofuata, anaichukua tena. Hakupoteza muda sana kwa namna hiyo, lakini aliona wazi anavyoachwa, na jambo lile lilimuuma. Alisikia skrubu za mwenzake zikilia upande wa pili kama mvua iliyotangulia, na akajikuta anaacha kuipumzisha mashine.

Ikakohoa. Ikatoa cheche za buluu kwenye matundu ya pembeni, harufu ya kuungua, ikazima.

Alishuka, akaifungua kwenye sakafu ya mashine ya kukobolea mpunga iliyoko ukuta kwa ukuta na ghala. Kaboni zilikuwa zimebaki vipande kama punje za mahindi. Alizoea kutembea na za akiba, lakini alikuwa ameziweka za mwisho wiki ileile na hakununua nyingine. Marcel alichungulia kutoka juu.

"Imekufa?"

"Imeishiwa kaboni."

"Kaa basi, dada, mimi nitamalizia." Hakusema kwa ubaya, lakini Lusungu aliniambia kwamba neno lile *kaa* lilimchoma kuliko lile la Ipinda.

Akamwuliza Elizabeth kama mwendesha mashine ya kukobolea anayo grenda, ile ya kukatia vyuma. Anayo. Na kaboni za akiba za grenda? Zilitafutwa kwenye kopo la njugu na boliti, zikapatikana, kubwa mno, hazikuweza kuingia. Lusungu alipiga magoti akaanza kuzisugua kwenye saruji ya sakafu, upande mmoja, upande wa pili, anapima, anasugua, anapuliza unga mweusi. Kaboni ni laini, inakubali, lakini ukisugua kupita kiasi inacheza kwenye nyumba yake na mota haipati umeme sawasawa. Akina mama wawili walisimama wakimtazama, mikono yake imekuwa myeusi kama ya mtu wa mkaa. Mwishowe zikaingia kwa kukaza kidogo. Akafunga, akabonyeza. Ilitoa cheche nyingi mwanzoni, kisha ikatulia ikalia kama kawaida.

Alipopanda tena Marcel alikuwa amesimama anamsubiri.

"Yangu ikizima hivyo," akasema, "mimi ndio nakaa chini."

"Ndiyo maana nilikuuliza utampelekea nani," akasema Lusungu, akainama kwenye kazi.

Mawingu yalianza kupanda kutoka upande wa milima ya Livingstone. Walikuwa wamefika karibu na kilele, kimebaki kipande cha mwisho, pale ghala linapogusana na ukuta wa mashine ya kukobolea. Hapo palikuwa pabaya. Papi za zamani hazikuwa nene, na ya mwisho ilikuwa boriti ya mvule iliyokauka miaka mingi, ngumu kama mfupa. Nafasi kati ya ukuta na kenchi ilimtosha mtu mwembamba kuingiza bega na mkono mmoja.

Marcel alijaribu kwanza. Papi ikalia chini ya uzito wake, akarudi nyuma haraka. Akajaribu kunyoosha mkono, mabega yakagoma. Lusungu akaingia yeye, akalalia tumbo, akaweka skrubu kwenye mvule. Mashine yake ndefu ilikuwa inagusa ukuta, hakuweza kuisimamisha wima. Akaibonyeza hivyo hivyo kwa upande. Kinyundo kiligonga, kiligonga, skrubu ikafika katikati ikasimama, na sauti ikaanza kushuka kwa sababu betri ya pili nayo ilikuwa inaisha. Matone ya kwanza yalianguka kwenye bati, makubwa, moja moja.

"Mama Beatrice," Marcel akaita nyuma yake.

"Naam."

"Haiingii?"

"Ni ndefu. Na haina nguvu tena."

Marcel akaitazama mashine yake. Lusungu alisikia anahema. Mashine ile ilikuwa haijashikwa kazini na mtu mwingine tangu itoke kwenye boksi lake. Hata mwenzake wa kwaya aliyeiomba ya kufungia kabati alinyimwa.

"Una uhakika na mkono?" akauliza hatimaye.

"Mkono ni wangu, fundi. Wewe nipe mashine."

Akampa. Aliisukuma juu ya bati mpaka vidole vya Lusungu vikaifikia.

Aliniambia kitu cha kwanza alichokiona ni jinsi ilivyo nyepesi kule mbele. Mota isiyo na kaboni ni fupi, kwa hiyo pua haivuti mkono kwenda chini. Iliingia kati ya ukuta na boriti ikabaki nafasi. Akaishika kwa mkono wa kulia, uleule, akaweka kwenye kichwa cha skrubu iliyogoma, akabonyeza kidogo kwanza. Ilianza polepole kama alivyotaka, ikakamata, kisha akaongeza. Kinyundo kikagonga kwa sauti kali iliyorudi kutoka ukutani, na mvule ukakubali. Kifundo chake hakikuuma. Akafunga ya pili, ya tatu, anajivuta kwa tumbo, Marcel anampitishia skrubu moja moja kwenye kiganja kilicholowa.

Mvua ilishuka yote kwa pamoja wakati wanafunga kofia ya paa, wakakaza skrubu za mwisho huku hawaoni vizuri. Marcel aliificha mashine yake ndani ya shati, Lusungu ya kwake akaifunga kwenye kitenge, wakashuka wakiteleza.

Ndani ya ghala akina mama wote walikuwa wameinua nyuso juu. Kelele ya mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata wangeongea wasingesikilizana. Elizabeth alizunguka kona zote na tochi, anapapasa magunia. Palikuwa na tone moja kwenye tundu la msumari wa zamani, wakaliwekea sufuria. Pengine pote pakavu. Elizabeth alikaa juu ya gunia akasema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, akarudia, kisha akawakumbatia wote wawili kwa zamu, wakiwa wamelowa vilevile.

Chakula kilipoletwa, wali na mbasa wa ziwani, Marcel alikaa karibu na Lusungu kwenye benchi.

"Kuna neno nilimwambia yule mama wa Ipinda," akaanza.

"Nalijua."

"Lilikuwa neno baya. Nisamehe, dada."

Lusungu aliendelea kuchambua miiba ya samaki. "Mimi uliniambia leo," akasema. "Yeye ulimwambia zamani, na ndivyo anavyojua mpaka sasa. Nenda ukamwambie na yeye."

Marcel alikwenda. Hilo ninalijua kwa hakika, kwa sababu mama wa Ipinda alifika Bondeni wiki ileile akamtaka Lusungu amwezekee baraza, na alipokuwa anakunywa chai alisema fundi wa kwaya alimkuta sokoni akamweleza mbele ya watu, mpaka akamwonea huruma.

Baada ya msimu wa kakao Lusungu alikwenda Mbeya kwa binti yake, akarudi na mashine isiyo na kaboni, ndogo kuliko ya Marcel. Alizunguka maduka mengi akiomba kuzishika, na wauzaji walichoka naye. Hakuuliza ipi ina nguvu zaidi. Alikuwa anashika kila moja kwa mkono ulionyooka mpaka aone kifundo kinasemaje, na aliyochukua haikuwa iliyosifiwa na muuzaji.

Ezekiel aliitazama ile mpya mezani, akaitazama ya Lucy. "Ya kwanza imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Inapata moto, na mimi napata haraka. Hatufai wawili kwa paa kubwa."

"Basi iuze."

"Siiuzi."

Alikuwa na sababu, na ilionekana mwaka uliofuata. Marcel alipata kazi kwenye kijiji kimojawapo chini ya milima, mbele ya Matema, huko ambako barabara haifiki na vifaa husafirishwa kwa boti. Wimbi liliingia ndani ya boti, mfuko wa vifaa ukakaa kwenye maji mpaka wanatia nanga. Aliianika mashine siku nzima. Ilipowekwa betri iliwasha taa yake ndogo mara chache, ikazima moja kwa moja. Fundi wa Mbeya aliifungua akamwonyesha saketi iliyoota ukungu wa kijani, akamwambia mota ni nzima kabisa lakini hana saketi ya kuweka na hajui atakayekuwa nayo. Marcel alirudi nayo kwenye mfuko wa plastiki kama mtu aliyetoka kuzika.

Alifika kwetu asubuhi, akapiga hodi, akamkuta Lusungu anamenya ndizi.

"Dada, nimekuja kuomba ile ya kaboni."

Lusungu hakumcheka. Aliingia ndani akaitoa, na betri zake zimechajiwa, na pakiti ya kaboni mpya iliyofungwa kwa raba. "Usiilazimishe," akamwambia. "Ikipata moto iweke kivulini, fanya kazi nyingine. Ukisikia inakohoa usiendelee, fungua. Unajua kufungua?"

"Sijui."

"Kaa nikuonyeshe."

Akakaa kwenye kigoda kidogo cha jikoni, magoti yamefika kifuani, akamsikiliza na kufungua skrubu ndogo kwa vidole vyake vinene. Ilimchukua muda. Springi moja ya kukandamiza kaboni iliruka ikapotelea kwenye maganda ya ndizi na sote tukapiga magoti kuitafuta, hata Ezekiel.

Siku hizi kazi kubwa wanazichukua pamoja. Lusungu anafunga kule juu na kwenye kona, Marcel anabeba na kunyanyua, na ile ya kaboni anafungia safu za chini, ambako mbao ni mpya na laini. Marcel anasema akipata pesa atanunua tena isiyo na kaboni, safari hii akiwa na mfuko usiopenyeza maji. Lusungu anasema ni sawa, ila anunue ya betri zinazolingana na zake, ili siku umeme ukikatika waazimane.

Mkono wake bado unamsumbua asubuhi za mwezi wa saba, ubaridi unaposhuka kutoka Rungwe. Siku hizo hapandi mpaka jua lipate nguvu, na mteja mwenye haraka anaambiwa asubiri au atafute mwingine. Wiki iliyopita walianza paa la nyumba ya mwalimu huko Katumba Songwe, karibu na mto. Nilipita na pikipiki kuchanja ng'ombe, nikasimama kwenye kivuli cha rundo la tofali zao. Walikuwa wamekaa juu ya kenchi wanabishana: Marcel anataka waanzie upande wa barabara watu waione kazi, Lusungu anasema waanzie upande wa ziwa, upepo unakotoka. Mwalimu alitoka kwenye nyumba yake ya zamani na kikombe cha chai mkononi, akasikiliza kidogo, akarudi ndani. Nilipowasha pikipiki kuondoka, walikuwa wameshaanza upande wa ziwa.